Kusoma 2.147.483.647 kwa sauti

Andika namba hiyo ubaoni katika chumba chochote cha kitivo chetu, kisha mwombe mwenzako aisome kwa Kiswahili. Nimefanya hivyo mara nyingi mwaka huu kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho, inayohusu majina ya namba, na karibu kila mara mambo yanakwenda vilevile. Mwenzangu anafungua kinywa, anasema "mbili", anasimama. Anaangalia dari. Halafu anaisoma yote kwa Kifaransa kwa pumzi moja na kuniuliza kama inatosha.

Kinachomkwamisha si hisabati. Ni neno moja. Kamusi za Kiswahili zimeandikwa mashariki, ambako Kiingereza ndicho kilichokuwa jirani, na huko bilioni ni milioni elfu moja. Sisi tumesoma shule kwa Kifaransa, na katika Kifaransa neno hilohilo ni milioni mara milioni. Tofauti yake ni mara elfu. Mtu wa Lubumbashi anayesoma "bilioni mbili" katika gazeti la Dar es Salaam kwa sikio la shule yake anaongeza sufuri tatu bila kujua, na kama gazeti linazungumzia bajeti ya barabara, atashangaa sana kwamba barabara bado ni mbovu. Watu wetu walishaamua zamani bila kutungojea: wanasema miliari. Ni Kifaransa kilichovaa irabu za Kibantu, na hakimdanganyi mtu.

Tukipita hapo, tunakutana na mtego wa pili, ambao hauna uhusiano na wakoloni wowote. Soma kipande cha katikati: 483.000. Wengi husema "elfu mia nne themanini na tatu". Sasa sikiliza tena. Je, umesikia 483.000, au umesikia elfu moja, mia nne, themanini na tatu, yaani 1.483? Kwa kuwa katika Kiswahili kipimo hutangulia na idadi yake hufuata, na kwa kuwa "moja" mara nyingi humezwa, sauti ni zilezile. Wengine hugeuza na kusema "mia nne themanini na tatu elfu", jambo ambalo sarufi inalinunia lakini sikio linalishukuru. Watu wa pwani wana dawa nyingine, neno laki, walilolipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi: laki nne, elfu themanini na tatu. Hapo hakuna anayepotea. Kwetu laki halijulikani, na hilo nalihesabu kuwa hasara.

Basi namba nzima, ikisomwa kwa uangalifu, ni hii: miliari mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ni tarakimu kumi tu, lakini ukiichimba kama tunavyofundishwa kuchimba maneno, unakuta matabaka. Moja, mbili, tatu na nne ni Kibantu. Jamaa zao wako katika Ciluba, ibidi, isatu, inayi. Sita, saba, arobaini, themanini, mia na elfu ni Kiarabu. Laki ni India. Milioni na miliari ni Ulaya. Saba ya Kibantu imefukuzwa kwenye hesabu, lakini imejificha arusini, katika neno fungate. Wenzangu wanaosoma historia wanaweza kuchora njia za biashara za miaka elfu moja kwa kusoma namba hii polepole.

Sikuichagua kwa sababu ya matabaka, lakini. Niliichagua kwa sababu ya maneno niliyoyasikia katika mhadhara mmoja mwaka jana. Mgeni wetu, mtu mwenye elimu nyingi, alitueleza kwamba lugha zetu zinaweza kuhesabu lakini haziwezi kuthibitisha. Kuhesabu ni kwa soko, alisema. Uthibitisho unahitaji lugha iliyoandikwa, iliyonyooka, yenye istilahi. Ukumbini kuna aliyetaja mfupa wa Ishango, ule uliochimbuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 pale Semliki inapotoka katika ziwa Edward, na ambao safu yake moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Kila hisabati na Kongo zinapotajwa pamoja, mtu huuleta mfupa huo. Mimi haunisaidii. Hatujui aliyeukata alikuwa akihesabu nini, na hata kama alijua namba tasa, uko Brussels na hausemi kwa lugha yoyote. Mgeni wetu alizungumzia uthibitisho. Anayetaka kumjibu athibitishe kitu.

Nikatafuta kitu cha kuthibitisha. Namba 2.147.483.647 ni tasa: hakuna namba inayoigawa bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Aliyekuwa wa kwanza kulithibitisha jambo hilo kwa njia inayokubalika ni Leonhard Euler, na barua yake ni ya mwaka 1772. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kabla ya kuthibitisha, ni lazima msikilizaji aione namba yenyewe, na hapo jina lake refu halisaidii. Nilijaribu kwa shangazi yangu, anayeuza unga katika soko la Kenya (Kenya ya Lubumbashi, si nchi). Nilimwambia: tuseme kuna likelemba ya ajabu. Tarehe 1 Januari unapewa franka 1. Tarehe 2 unapewa 2, tarehe 3 unapewa 4, kila siku mara mbili ya jana, mpaka tarehe 31. Ukijumlisha mwezi wote unapata namba yangu, bila kuzidi hata franka moja. Alifanya siku kumi za kwanza kichwani, haraka kuliko mimi, akaona siri yake pia: jumla ya siku zote daima inapungukiwa na moja tu kufikia malipo ya kesho. Siku ya tatu una 7, kesho ni 8. Siku ya nne una 15, kesho ni 16. Kwa hiyo namba yangu ina jina la pili, fupi kuliko la kwanza na lisilo na mtego: mbili kwa kipeo cha thelathini na moja, toa moja. Jina la kwanza linasema ni nyingi kiasi gani. La pili linasema imetengenezwaje.

"Iko wapi hiyo likelemba, na miye niingie?" aliuliza.

Namba kubwa hazimtishi. Alikuwa msichana mwaka 1992 ilipotoka noti ya zaire 5.000.000, ambayo wengi waliikataa. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 franka moja ya Kongo kwa zaire mpya 100.000. Zidisha: franka moja ya siku ile ni zaire za zamani miliari 300. Namba ya Euler inaingia humo mara 139 na kitu. Vijana wa shangazi zetu wanaweza kucheka tunaposema kwamba Kiswahili hakina mazoea na namba kubwa. Mama zao wamezibeba ndani ya mifuko ya unga.

Nikamwambia sasa kwamba namba hiyo ni tasa.

Shangazi yangu hakuzaa. Neno hilo analijua kutoka Biblia, kwa Sara na kwa Hana, na analijua kutoka vinywa vya watu ambao hawakuwa wakisoma Biblia. Hakukasirika. Alipangusa unga mkononi akauliza, "Imekosa nini?"

Ni swali la kiisimu, ingawa hakuliuliza hivyo. Kigiriki cha Euklides kiliita namba hizi za kwanza. Kifaransa na Kiarabu hufanya vilevile. Kiswahili kilichukua kwa Waarabu shufwa na witiri, lakini hapa kilikataa mkopo na kujitungia picha yake. Nadhani waliotunga waliwaza hivi: namba isiyogawanyika haitoi kitu, kwa hiyo haizai. Lakini angalia kwa upande wa kuzidisha, ambako namba kweli huzaliana. 6 imezaliwa na 2 na 3. 35 imezaliwa na 5 na 7. Namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote. Watoto wao hawana mwisho. Kinachokosekana ni wazazi. Nilimweleza hivyo kwa mifano ya mafungu ya vikombe vya unga, kikombe kwa kikombe, nikamwonyesha kwamba vikombe 23 huwezi kuvipanga mistari iliyo sawa kwa namna yoyote, lakini ukiwa na mistari miwili ya 23 una 46, mitatu una 69.

"Basi hiyo si tasa," alisema. "Hiyo ni yatima."

Katika miezi mingi ya kusoma istilahi sijakutana na marekebisho yaliyo bora kuliko hayo, na sijui niyafanyeje. Vitabu vya Tanzania vimeshapanda neno tasa katika vichwa vya watoto wengi mno. Mwanaisimu hapaswi kubomoa istilahi inayofanya kazi kwa sababu picha yake ina kasoro. "Atomu" maana yake ni kisichokatika, na ilikatwa. Lakini kwetu, ambako vitabu hivyo havikufika na istilahi haijapandwa, bado kuna nafasi ya kuchagua. Nitasema tasa katika kurasa hizi ili nieleweke.

Sasa uthibitisho. Tukitaka kujua kama namba yetu ina wazazi, tunaweza kuigawa kwa kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, yaani mpaka 46.340, zaidi ya hapo hakuna haja, kwa kuwa wazazi wakiwa wawili mmoja lazima awe mdogo au sawa na huyo. Namba tasa zilizo chini ya 46.340 ni zaidi ya elfu nne. Migao elfu nne ya namba yenye tarakimu kumi, kwa mkono: ni adhabu. Euler hakuifanya. Alianza kwa kuuliza mzazi huyo, kama yuko, angefanana na nani.

Tumwite mzazi huyo p. Rudi kwenye likelemba, lakini safari hii kila unapozidisha kwa 2, gawanya kwa p na utunze baki peke yake. Unaanza na 1, halafu 2, 4, 8, na unapoizidi p unarudi chini. Baki hizi zinazunguka kama zamu. Ikiwa p kweli inaigawa namba yetu bila baki, basi hatua ya 31 inakurudisha kwenye 1, kwa kuwa mbili kwa kipeo cha 31 inazidi namba yetu kwa moja tu. Je, zamu inaweza kurudi mapema zaidi? Kama ingerudi mapema, mzunguko mfupi ungelazimika kuingia kamili ndani ya 31, na 31 yenyewe ni tasa, haikubali kukatwa. Kwa hiyo mzunguko una watu 31, si pungufu.

Hapo anaingia Pierre de Fermat, ambaye karne moja na zaidi kabla ya Euler alieleza kwamba baada ya hatua p toa moja unarudi kwenye 1, kwa kila p iliyo tasa na isiyo 2. Ikiwa katika likelemba ya watu 31 umepita zamu kadhaa na ukajikuta tena kwa mtu wa kwanza, umefanya mizunguko kamili. Basi p toa moja ni kigawe cha 31. Na kwa kuwa p ni witiri, p toa moja ni shufwa. Kwa hiyo ni kigawe cha 62. Mzazi wa namba yetu hawezi kuwa yeyote. Lazima awe kigawe cha 62 na moja juu yake.

Mwenye shaka ajaribu kwa ndugu mdogo: mbili kwa kipeo cha 11, toa moja, ni 2.047. Huyo ana wazazi, 23 na 89. Toa moja kwa kila mmoja: 22 na 88. Vyote ni vigawe vya 22, mara mbili ya 11. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nililala nimechelewa.

Kati ya namba elfu nyingi tumebaki na 747. Euler alikuwa na kisu kingine, ambacho sitakieleza chote hapa kwa sababu kinahitaji kurasa zake: p ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Hilo linafuta nusu. Wanabaki 373, na wengi wao wanaanguka wenyewe kwa kuwa si tasa. Wa kwanza, 63, ni 7 mara 9. Wa pili, 249, ni 3 mara 83. Wa kwanza anayestahili kujaribiwa ni 311. Nilimjaribu kwa kalamu: 311 mara 6.905.092 ni 2.147.483.612, baki 35. Si yeye. Euler aliendelea hivyo mpaka mwisho wa orodha na hakukuta mzazi.

Kinachonigusa zaidi ni hali yake alipoandika barua ile. Alikuwa Saint Petersburg, mtu wa miaka 60 na zaidi, na macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Kazi za miaka yake ya mwisho aliwatajia wasaidizi kwa mdomo, nao wakaandika. Hesabu alizishika kichwani. Na barua yenyewe, kutoka kwa Mswisi wa Basel aliyelelewa kwa Kijerumani, ikitoka Urusi kwenda kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli, ilichapwa kwa Kifaransa. Hakuna aliyemuuliza kama Kifaransa kilikuwa lugha ya mama yake, wala kama uthibitisho wa mtu asiyeona ukurasa unaweza kuwa uthibitisho. Mgeni wetu wa mwaka jana alidhani kwamba hisabati huanzia kwenye karatasi. Huyu aliifanya kwa sauti, kama shangazi yangu anavyofanya mahesabu ya gunia.

Kuhusu matumizi ya namba hii leo nitasema kidogo, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana. Ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaweza kuitunza katika sehemu 32 za tarakimu mbili, moja ikiwekwa kwa ajili ya alama ya hasi. Mashine nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na sekunde ya 2.147.483.647 itafika tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri kwa saa ya Lubumbashi. Mashine ambayo haikurekebishwa itaruka hapo na kuamini kwamba iko Desemba 1901. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu inayotokana na tasa hii ndiyo kubwa zaidi itakayowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizo ni za kufurahisha tu na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Namba kamilifu aliyoisema ina tarakimu 19. Mwaka 2024 ilipatikana tasa ya aina ileile yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Mwezi ujao nitasimama mbele ya jopo. Katika rasimu nimeandika miliari, si bilioni, na nimependekeza laki iletwe kwetu, ijapokuwa najua swali litakalokuja: kwa mamlaka ya nani? Kwa uthibitisho wa Euler nimetumia maneno kumi na mbili ya hisabati, yote yamo katika vitabu vya shule vya Tanzania, na likelemba, ambayo haimo. "Yatima" nimeiweka katika tanbihi, pamoja na kazi ya aliyeitamka, muuza unga, kwa kuwa ndivyo tunavyotaja watoa habari wetu.

Shangazi ameshaniuliza ni ipi inayofuata. Nilimwambia kwamba likelemba za siku 32 mpaka 60 zote zina wazazi. Inayofuata ni ya siku 61, na aliyeithibitisha ni kasisi wa Kirusi, Ivan Pervushin, mwaka 1883. Nikaiandika kwenye karatasi ya kufungia: 2.305.843.009.213.693.951. Tulianza kuisoma pamoja kutoka kulia, kwa kuwa kushoto hatukuwa na jina la kuanzia.